Ndimu Si Mila: Juu ya Madoa ya Uso na Dawa za Jikoni

Katika vijitabu vya mila, watu wanazoea kusoma juu ya mahari, matanga, ngoma na majina ya watoto. Juu ya mafuta ya kupaka usoni, hapana. Leo tunapashwa kuyaandikia kwa sababu neno letu limeibwa. Sokoni Kadutu, na katika vibanda vya Goma, Uvira na Kisangani, mtu anauza chupa isiyo na jina la mtengenezaji na kusema: "Mama, hii ni ya asili, dawa ya mababu, inamaliza madoa yote." Nyumbani yaya anafundisha mdogo wake kusugua ndimu usoni, anamwambia: "Hata nyanya alifanya vile." Sisi tunaojiita walinzi wa mila, tukinyamaza, tunakuwa mashahidi wa muuzaji. Kwa hiyo tunasema wazi: hiyo si mila, ni bongo, na inaharibu nyuso za watu wetu.

Tuanze na madoa yenyewe, kwani mtu hawezi kutibu kitu asichokijua. Ngozi yetu nyeusi ina rangi yake kama akiba. Kila mara ngozi inapoumia kwa pele lililominywa, kwa kuungua ao kwa kujikuna, inamwaga rangi nyingi mahali pale. Pele linapona, doa linabaki miezi, mara nyingine hata mwaka na zaidi. Kuna pia yale mabaka mapana ya mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, yanayowashika sana wanawake wenye mimba, ndiyo Wafaransa wanaita kinyago cha mimba. Yanaletwa na homoni za mimba, na kwa wengine na vidonge ao sindano za kupanga uzazi. Jua njo linayakoleza. Wanawake wengi, mabaka yao yanapungua polepole miezi kadhaa kisha kuzaa. Kwa wengine yanakaa, yanakuwa sugu, na hapo njo roho ya mtu inachoka, anaanza kusikiliza kila mwenye chupa.

Sasa tuulize: mababu walifanya nini na uso? Tunajibu kwa vitu vinavyojulikana. Walikuwa na mpemba, ule udongo mweupe. Kwa Baluba mpemba ni alama ya usafi na ya baraka. Balega wanaupaka hata kwenye vinyago vya Bwami. Walikuwa na unga mwekundu wa mti, ule Bakuba wanaita tukula, wanauchanganya na mafuta ya mawese na kuupaka mwilini siku za ngoma, na hata kwa maiti. Bushi, kwenye ng'ombe, siagi ilipakwa ili ngozi ing'ae. Penye mingazi, mafuta yalitoka katika kokwa la ngazi.

Angalia vizuri kazi ya vitu hivyo. Mpemba na tukula vinakaa juu ya ngozi, vinasema jambo fulani mbele ya watu, kisha vinaoshwa na ngozi inabaki ileile. Siagi na mafuta ya ngazi vinalainisha, havitoi rangi. Hatusemi kwamba wazee walijua kila kitu. Hatusemi pia kwamba hawakusifu kamwe mwanamke wa rangi ya maji ya kunde. Walimsifu. Lakini kumsifu aliyezaliwa vile ni jambo moja, na kumchubua aliyezaliwa mweusi ni jambo lingine.

Na ndimu? Ndimu ni mgeni kwetu. Asili yake ni Asia, na jina lake tumelipata pamoja na Kiswahili chenyewe, kutoka pwani. Hatuikatai kwenye samaki. Lakini kuiita dawa ya mababu kwa uso ni kuwasingizia wafu. Mbaya zaidi, maji ya ndimu yana kitu kinachopatana na jua na kuunguza ngozi. Mtu anajipaka asubuhi, anatoka kwenda shamba ao soko, mara uso unawaka, malengelenge yanatoka, na kisha doa jipya jeusi kuliko lile la kwanza. Anafikiri ndimu haijatosha, anaongeza. Anakuwa kama mtu anayezima moto na petroli.

Mambo mengine ya jikoni yanafuata njia ileile: dawa ya meno, sabuni ya unga, maji ya javeli, chumvi ya kusugua. Yote yanajeruhi, na tumekwisha kusema kwamba ngozi nyeusi inayojeruhiwa inajibu kwa kumwaga rangi. Kwa hiyo "dawa" inazaa ugonjwa uleule iliotumwa kuutoa.

Kisha inakuja ile ya hatari kupita zote, mukorogo. Mtu ananunua mafuta mawili matatu ya sokoni, anachanganya nyumbani ndani ya kopo moja na mafuta ya mtoto, na kwa sababu mchanganyiko umefanyika jikoni kwake, anauita wa nyumbani, wa asili. Asili gani? Ndani mara nyingi mna hidrokinoni, ao klobetasoli ambayo ni kortikoidi kali ya waganga, ao zebaki. Hakuna babu aliyepika hidrokinoni. Hivi ni vitu vya maabara, vimevuka bahari na mipaka, vikavalishwa kikwembe ili vionekane vya kwetu.

Neno "asili" tunalijua sana hapa nchini. Mwaka 1971 nchi ilipoitwa Zaïre, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipoachwa, tulifundishwa kurudia asili. Tuliona pia kwamba kubadilisha jina la kitu hakubadilishi kitu. Somo hilo tusilisahau mbele ya chupa ya sokoni.

Madhara si hadithi za kutishia watoto. Mwaka 1975 waganga wa Afrika ya Kusini waliandika juu ya wanawake weusi waliotumia hidrokinoni kwa muda mrefu: mashavu yao yaligeuka ya buluu na nyeusi, ngozi ikawa ngumu yenye vipelevipele, na dawa ya kuirudisha haikupatikana kwa urahisi. Hata leo ni vigumu. Nchi ile ilikataza mafuta ya kuchubua mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliitoa hidrokinoni katika mafuta ya urembo mwaka 2001.

Kortikoidi nayo inapunguza unene wa ngozi, inaleta michirizi, mapele na nywele za uso, na ikitumiwa mwili mzima kwa muda mrefu inaweza kupandisha tansio na sukari. Ngozi ya vile inapona vibaya. Mama akipasuliwa wakati wa kuzaa, kidonda kinachelewa kufunga, na munganga anashika sindano ya kushona sawa mtu anayeshona karatasi iliyolowa. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na inaweza kumfikia mtoto tumboni. Mama anatafuta uso safi, na anayelipa ni mtu ambaye hajazaliwa bado.

Tunajua watatujibu nini. Wa kwanza atasema: "Mwacha mila ni mtumwa." Ni kweli. Lakini mila gani? Mtumwa ni yule anayepokea bidhaa ya mgeni, anaipa jina la nyanya yake, kisha anaitetea kwa hasira kuliko anavyotetea lugha ya nyanya huyo.

Wa pili atasema: "Mimi sitaki kuwa mzungu, nataka doa langu litoke tu." Huyu tunamheshimu, kwani anasema kweli. Kutaka uso usio na doa si kujikana. Lakini doa njo mlango. Anaanza na doa, mafuta yanaacha duara jeupe kuzunguka doa, sasa anapaka uso mzima ili ulingane. Uso hauendani na shingo, anapaka shingo, kisha mikono. Vifundo vya vidole vinakataa, vinabaki vyeusi, na kila mtu sokoni anasoma siri yake mkononi. Akiacha, uso unarudi na weusi mkali ao unajaa mapele, basi anarudilia. Hakuanza kwa kujichukia, lakini kopo limemfunga.

Wa tatu atasema: "Munganga wa ngozi yuko wapi? Kinshasa? Na pesa?" Hapa hatuna jibu la kuchekesha. Waganga wa ngozi ni wachache mno katika nchi hii, na mama wa kijijini hawezi kupanda ndege juu ya doa. Lakini tusisahau kwamba makopo hayo nayo hayatolewi bure. Yananunuliwa kila mwezi, mwaka kwa mwaka. Na dawa ya kwanza ya madoa haiuzwi popote, kwani ni kuacha. Kuacha ndimu, kuacha kusugua, kuacha kuminya mapele, kuacha mukorogo. Aliyepaka kortikoidi mwili mzima kwa muda mrefu asikate ghafla peke yake. Aende kituo cha afya aseme ukweli wote bila haya, wamwonyeshe njia ya kupunguza.

Ya pili ni kivuli. Kofia yenye ukingo mpana, kitambaa kinachofunika paji la uso, mwavuli wakati wa jua na si wakati wa mvua tu. Watu wanamcheka mwanamke mwenye mwavuli kwenye jua, wanasema anajifanya bibi wa mkoloni. Wacheke. Mwavuli ule unafanya kazi ambayo makopo kumi hayafanyi. Mwenye uwezo wa kununua mafuta ya kukinga jua, ayapake kila siku. Yale yenye rangi ya udongo yanasaidia zaidi kwa mabaka ya mashavuni. Ya tatu ni sabuni isiyo kali na mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato makali. Ya ine ni subira, na tunaihesabu kwa miezi, si kwa siku. Mama anayetumia sindano ya uzazi na kuona mabaka yanakoza, amuulize muuguzi kama kuna njia nyingine, asiiache kimyakimya.

Iko pia dawa za kweli ambazo waganga wanaandika, hata hidrokinoni yenyewe, kwa kipimo, kwa miezi michache, chini ya macho yao. Tofauti kati ya munganga na muuzaji wa chupa ni hii: munganga anakuambia siku ya kuacha.

Na jambo moja lisilongoja: si kila doa ni doa la urembo. Baka lililofifia ambalo ukiligusa kwa pamba ao ncha ya kijiti mtu hasikii kitu, linaweza kuwa ukoma. Ukoma haujaisha Kongo. Dawa yake inatolewa bure, na inaponya, lakini aliyechelewa anaweza kupoteza vidole ao macho. Mama anayelifunika baka la vile kwa mukorogo anaficha moto chini ya mkeka. Mabaka mengine ni ya fangasi, yanatibika kwa dawa ndogo. Kwa hiyo mbele ya kupaka, ulizeni ni nini.

Sasa tuseme na wanaume, kwani kosa hili halikai kwa wanawake peke yao, na wanaume wengine nao wanapaka usiku. Nani anamsifu mchumba kwa sababu "ameng'aa"? Nani kati ya wajomba na shangazi anamfungia bibi harusi ndani wiki kadhaa, amwogeshe na mukorogo ili siku ya picha atoke mweupe? Kumweka msichana ndani mbele ya ndoa, kumpaka mafuta na kumfundisha maneno ya nyumba, hiyo tunaijua, ina heshima yake. Kumchubua si sehemu ya mafundisho yale. Familia inayopokea mahari na kumtoa binti mwenye ngozi iliyoliwa haikumpamba. Imempeleka kwa mume na deni ambalo atalilipa kwenye meza ya upasuaji.

Jirani zetu wa Rwanda, kuanzia mwisho wa mwaka 2018, waliingia madukani kukusanya mafuta haya. Hatusemi polisi wanatosha. Kinachofukuzwa upande mmoja wa Ruzizi kinaweza kulala upande mwingine. Sheria bila nyumba inayokataa ni karatasi. Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu, na tunaviomba kwa watu wanaotusoma. Walimu, semeni mambo haya darasani, kwa wavulana na wasichana. Wachungaji, mapadri na maimamu mnaofundisha wachumba, mtie neno la ngozi katika mafundisho yenu. Na ninyi wazee wa mila, wakija kuwauliza kama dawa hii ni ya mababu, msitikise kichwa kwa adabu tu. Jibuni: hapana, sisi hatukuiacha hiyo.

Wanaotaka asili wanayo: mpemba upo, tukula ipo, mafuta ya ngazi yapo, kivuli cha mwembe kipo. Chupa isiyo na jina irudi kwa aliyeileta.