Tovuti haifunguki? Huenda kosa si bando

Simu ikikuonya kuwa muunganisho si salama, usikimbilie kulaumu mtandao. Angalia tarehe ya simu kwanza: ikikosewa, hata cheti halali cha tovuti huonekana kimeisha muda.

Tatizo kubwa zaidi ni umri wa simu. Tangu 2024, Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 kwa kawaida hazitambui vyeti vya bure vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na mamilioni ya tovuti. Seva nyingi pia zinakataa TLS 1.0 na 1.1, njia za zamani za kulinda mawasiliano zilizostaafishwa rasmi 2021.

Usalama umeongezeka, sawa. Ila anayefungiwa nje ni mwenye simu ya mtumba. Sasisha simu na kivinjari. Ikigoma, azima simu nyingine kusoma habari. Lakini kwa ukurasa wa benki, usibonyeze "endelea" wala usiazime. Nenda tawini.