Jibu Lisilo na Sababu

Kuna desturi iliyoingia katika mafunzo ya hesabu, nayo imepewa heshima isiyostahili kupewa. Watoto wanaotayarishwa kwa mashindano huketishwa mbele ya safu ya nambari, wakaulizwa: "Ni nambari gani ifuatayo?" Anayetaja upesi husifiwa kuwa ana akili, anayekawia huambiwa ajitahidi. Hakuna amwulizaye yule wa kwanza amejuaje, wala yule wa pili anafikiri nini. Mimi nasema kwamba desturi hii haifundishi hesabu. Hufundisha kubahatisha, na kubahatisha, hata kukilipata jibu, hakujawa elimu.

Tutazame mfano mdogo. Mtoto apewa 2, 4, 8, aambiwa ataje ifuatayo. Mmoja asema 16, kwa kuwa ameona kila nambari ni maradufu ya ile iliyoitangulia. Mwenzake asema 14, kwa kuwa ameona kwamba kutoka 2 hadi 4 imeongezwa 2, kutoka 4 hadi 8 imeongezwa 4, basi sasa itaongezwa 6. Yupi kati yao amekosa? Hakuna. Nambari tatu zile zakubali mifuatano yote miwili, na mingine mingi zaidi. Lakini karatasi ya majibu ina 16 peke yake, na yule wa 14 atiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Siku hiyo hakujifunza hesabu. Alijifunza kwamba hoja yake haina thamani, na kwamba kazi yake ni kukisia aliyetunga swali aliwaza nini. Hasara hiyo si ndogo. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kufikiri huacha kufikiri, wala haji kutuambia siku aliyoacha.

Labda mtu atasema kwamba mfuatano ukiwa mrefu shaka huondoka. Basi na achukue kalamu achore duara. Aweke nukta juu ya mzingo wake, kisha aunganishe kila nukta na kila nyingine kwa mstari ulionyoka, akiangalia mistari mitatu isikutane mahali pamoja ndani ya duara. Ahesabu vipande. Nukta 1 huacha duara zima, yaani kipande 1. Nukta 2 hutoa vipande 2. Nukta 3, vipande 4. Nukta 4, vipande 8. Nukta 5, vipande 16. Nani hatasema kwamba nukta 6 zitatoa vipande 32? Achore, ahesabu. Atapata 31. Nambari tano zilimwongoza kwa upole, ya sita ikamtupa shimoni.

Wala si watoto peke yao wanaonaswa na mtego huu. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alikuwa miongoni mwa wanahesabu wakubwa wa zama zake. Alizitazama nambari 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja, baada ya ile ya kwanza, hupatikana kwa kutoa 1 katika iliyoitangulia, kuzidisha kinachobaki kwa chenyewe, na kuirudisha ile 1. Zote tano ni nambari tasa, yaani hazigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat aliamini kwamba zote zitakazofuata zitakuwa vivyo hivyo. Mwaka 1732, zaidi ya miaka 60 baada ya kufa kwake, Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba ya sita, 4,294,967,297, hugawanyika sawasawa kwa 641. Ikiwa bingwa kama huyo alipotoka kwa kuziamini dalili tano, mtoto wa miaka 11 atasalimikaje kwa kuziamini tatu?

Je, tuiache mifuatano ya nambari? La hasha! Ni bustani nzuri, na mtoto hana budi kuingizwa humo mapema. Ninachokipinga ni kumwingiza amefungwa macho.

Chukua kete za bao. Katika bao la Kiswahili kete ni 64, nazo zatosha kwa somo kubwa. Tuseme twataka kujumlisha nambari witiri, yaani zile zisizogawanyika kwa 2: 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Nambari 1 peke yake ni 1. 1 na 3 ni 4. Ukiongeza 5 ni 9. Ukiongeza 7 ni 16. Mwalimu wa haraka asema: "Hesabu ni witiri ngapi, zidisha idadi hiyo kwa yenyewe, kariri, tuendelee." Mwalimu wa kweli aweka kete 1 mezani. Ili apate mraba wenye kete 2 kila upande, aizungushia kete 3. Ili apate mraba wa 3 kila upande, aongeza 2 ubavuni, 2 chini, na 1 pembeni, jumla 5. Kwa mraba wa 4, aongeza 3, na 3, na 1; jumla 7. Katika kila hatua ubavu wadai kete moja zaidi ya hatua iliyopita, na chini kadhalika. Kwa hiyo nyongeza hupanda kwa 2, wala haina njia nyingine. Kete zote 64 zikiisha, mraba una kete 8 kila upande, na witiri nane za kwanza, tangu 1 hadi 15, zimejumlishwa mbele ya macho ya watoto.

Mtoto aliyeona hivyo hahitaji kuamini, maana ajua. Mwulize jumla ya witiri 100 za kwanza, atakujibu 10,000 kabla hujaketi. Akiisahau kanuni, ataijenga upya. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyepewa kanuni tupu amepewa chombo asichojua kukiziba, nacho siku moja kitavuja.

Watetezi wa desturi hii wana hoja moja ambayo haifai kudharauliwa. Wanasema kwamba mashindano yana saa, na mwenye kutafuta sababu ataachwa nyuma. Ni kweli kwamba yako mashindano ya maswali mengi na dakika chache. Lakini yatazame yale makubwa ya kimataifa ya wanafunzi wa shule, yaliyoanza Romania mwaka 1959. Maswali yake ni 6 tu, matatu kwa kila siku, na kila siku mwanafunzi hupewa saa nne na nusu. Kila swali lina alama 7, nazo hutolewa kwa hoja iliyoandikwa. Jibu tupu halimfikishi mtu mbali. Huko ndiko twasema twawapeleka watoto wetu, nasi twawafunza mwendo wa njia nyingine. Hata katika yale ya haraka, swali likigeuzwa kidogo, aliyekariri husimama, na aliyefahamu hupita.

Sisemi kwamba kukisia ni dhambi. Kila mwanahesabu hukisia, kisha huketi kuutafuta uthibitisho. Kosa letu ni kumpa mtoto pongezi palepale kazi inapoanza.

Nanyi vijana msomao ukurasa huu, baadhi yenu mtakuwa walimu, wengi mtakuwa wazazi, na leo hii mna wadogo zenu nyumbani. Mdogo wako akikuambia 14, usikimbilie kumsahihisha. Mwulize: "Umejuaje?" Akikuambia 16, mwulize vilevile. Swali hilo halina gharama, nalo lafaa nje ya darasa pia. Mtu aliyezoeshwa tangu utotoni kwamba lililotokea mara tatu halina budi kutokea mara ya nne, ni windo jepesi la yule amwambiaye, "Nipe fedha zako, nitakurudishia maradufu kila mwezi." Mwezi wa kwanza alipwa, wa pili alipwa, wa tatu alipwa; mwezi wa nne aweka akiba yake yote, na mlango aukuta umefungwa. Aliyefunzwa kuuliza "kwa nini" angaliuliza fedha hizo zatoka wapi, na angalibaki na ng'ombe wake zizini.