Mfereji wa Mvua si Shimo la Taka



Mvua kubwa inyeshapo usiku mjini Bariadi, wapo wanaomshukuru Mungu kwa ajili ya mashamba yao, na wapo wanaoamka kufungua tundu la choo ili maji yachukue kilichomo. Jambo hilo huitwa kutapisha choo. Wengi wetu tunalijua, ingawa halisemwi hadharani. Kunapopambazuka ua ni safi, na mwenye nyumba hakulipa gari la kunyonya majitaka. Lakini gharama hiyo haikufutika; imebebeshwa mtu mwingine.

Ni nani huyo? Mfereji wa maji ya mvua hauna mtambo wa kusafisha mwishoni mwake. Kinachoingia humo, kiwe oili chafu ya gereji, damu ya machinjio au maji yaliyosuuzia bomba la dawa ya pamba, hufika mtoni kama kilivyo. Nayo mito ya kwetu hukauka wakati wa kiangazi, kina mama wakafukua mchanga ili wapate ndoo moja. Mchanga huo ndio uliopokea uchafu wa mji. Yanayosalia hufuata Mto Simiyu hadi Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria. Na ni katika ziwa hilo hilo, kutoka Wilaya ya Busega, mradi mkubwa wa maji wa mkoa wetu ulikopangwa kuchota maji ya kuleta Bariadi, Itilima na kwingineko. Kadiri maji yanavyochafuka, ndivyo kuyasafisha kunavyogharimu zaidi, na maskini atayalipia kwa bei ile ile anayolipa tajiri. Tusisahau pia kwamba mwaka 2024 kipindupindu kilizuka katika mkoa huu.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu na majitaka katika maeneo yao, na halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hofu yetu ni juu ya namna sheria ndogo hizo zinavyotumika. Mama lishe aliyemwaga maji ya vyombo hutozwa faini papo hapo, kwa kuwa yu mbele ya macho ya mgambo. Mwenye nyumba ya wapangaji wengi, atapishaye choo saa nane za usiku, haonekani. Sheria inayomkamata aliye karibu na kumwacha aliye mkubwa ni kali, lakini si ya haki. (Wapo wanaopendekeza sungusungu walinde mitaro usiku. Hatuafiki; kazi hii yahitaji afisa afya mwenye daftari kuliko fimbo.)

Tungependa sheria ndogo zianze na bomba badala ya ndoo. Bomba lolote litokalo chooni, karakanani au machinjioni na kuishia mtaroni lizibwe, na mwenye mali ndiye awajibike, si mpangaji. Kabla ya kuzuia, halmashauri ionyeshe pa kupeleka: mahali pa kupokea oili chafu, na bei ya gari la majitaka ambayo mtu wa kipato kidogo aweza kuimudu. Kumkataza mtu bila kumpa njia ni kumfundisha kungoja usiku. Na fedha za faini zizibue mitaro hiyo hiyo, hesabu yake ikisomwa mbele ya wananchi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Basi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wasiliache neno hilo kanisani. Walipeleke kwenye mkutano wa mtaa, na halmashauri inapotangaza kusudio la kutunga sheria ndogo, watoe maoni kwa maandishi, wakitaja mtaro na bomba lilipo.

Tutapoulizwa huko kuhusu majengo yetu wenyewe, tuwe na jibu. Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia, kabla ya mvua za vuli, zizunguke shule, zahanati na nyumba za Kanisa, na kuandika maji ya kila choo na kila jiko yanaishia wapi.