Mshale Hauhesabu
Mwandishi yeyote anayedai kwamba visanduku na mishale vya zana za kupanga kazi za kiotomatiki vimeondoa haja ya msimbo katika kazi za lahajedwali amekosea pakubwa. Oktoba 2020, Uingereza iligundua kuwa visa 15,841 vya korona havikuingia kwenye takwimu. Majibu ya maabara yalihamishwa hadi faili la Excel la muundo wa zamani, lenye kikomo cha mistari 65,536, na iliyozidi ikaachwa. Waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Uhamishaji ulikuwa wa kiotomatiki tayari! Kilichokosekana ni ukaguzi: kipande kifupi cha msimbo katikati ya mtiririko, kilinganishe idadi ya mistari iliyotoka na iliyofika, zikitofautiana kisimamishe kazi. Atajibu kuwa mhasibu anayetumia lahajedwali hajui msimbo. Basi aandikiwe na anayeujua, yeye aendelee kupanga visanduku vyake.