Paa la Gari Livujapo

Ndugu zetu wa Lushoto na milima ya Usambara hawana haja ya kuelezwa mvua ni nini. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Masika huanza Machi yakaendelea hata Mei, vuli hurudi karibu na mwisho wa mwaka, na katika miezi ya baridi ukungu hushuka asubuhi ukalowesha kila kitu. Katika nchi kama hii, gari lenye paa bovu ni sawa na nyumba yenye bati lililotoboka. Nasi twaona kwamba magari yenye dirisha la paa, lile ambalo mafundi huliita sanrufu, si kitu kigeni tena katika barabara ya Mombo na Soni, na mengi yao yalikwisha tumika katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kueleza sababu ya madirisha hayo kuvuja, na namna ya kuyatengeneza.

Watu wengi wakiona maji yadondoka kutoka darini hudhani kwamba mpira unaozunguka kioo umechakaa. Basi hukimbilia dukani kununua gundi, wakaipaka pande zote mpaka dirisha lisifunguke tena. Siku chache hustarehe. Kisha ikinyesha mvua kubwa, zulia hulowa kama kwanza. Hawakukosa bidii, walichokosa ni kujua jinsi kitu chenyewe kilivyoundwa.

Na ijulikane kwamba dirisha la paa halikuundwa lizuie maji yote. Mpira wake hupunguza maji tu. Kiasi fulani hupita hata gari likiwa jipya. Maji hayo yaliwekewa njia yake. Chini ya ukingo wa kioo pana mfereji unaolizunguka dirisha, mfano wa mfereji wa paa la bati, na katika pembe zake huwa na matundu, mara nyingi manne. Kila tundu lina mrija mwembamba. Mirija ya mbele huteremka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, ikatokea karibu na bawaba za milango au nyuma ya madigadi. Ya nyuma huteremka katika nguzo za nyuma, ikatokea karibu na magurudumu ya nyuma. Mrija ukiziba, mfereji hujaa, na maji hufurika darini. Basi mwenye kupaka gundi aziba pa kuingilia, na hali ugonjwa uko pa kutokea.

Hapa Usambara mirija hiyo hupata adui wengi. Gari likilala chini ya misonobari au mikaratusi, majani membamba na mbegu huanguka juu ya paa. Kiangazi huongeza vumbi jekundu. Mvua ya kwanza huvichanganya vyote vikawa tope. Tena kwetu ni shida kupata mahali tambarare pa kuegesha. Gari likisimama limeelekeza pua mlimani, maji ya mfereji hukimbilia nyuma, na huenda yakalowesha viti vya nyuma na buti. Likielekeza pua bondeni, hulowa miguu ya dereva na abiria wa mbele. Kwa hiyo mwenye gari na akumbuke lilisimama vipi usiku wa mvua. Hiyo ni nusu ya uchunguzi.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji chombo cha thamani. Chagua siku ya jua, uegeshe gari mahali palipo sawa, ufungue dirisha lote. Futa mfereji kwa kitambaa, utazame matundu ya pembeni. Kisha mtu mmoja amimine kikombe cha maji polepole katika pembe moja, na mwenziwe achungulie chini ya gari upande ule ule. Maji yakitoka chini upesi, mrija huo ni mzima. Yakisimama mferejini, umeziba. Yakiondoka mferejini wala yasionekane chini, na zulia likalowa, basi mrija umechomoka au umepasuka ndani ya nguzo, na hiyo ni kazi ya fundi, kwa kuwa lazima kitambaa cha dari kishushwe. Fanyeni hivyo kwa pembe zote, moja baada ya moja, wala msichanganye.

Ikiwa mirija yote ni mizima na gari bado lalowa, msilitie hatiani dirisha la paa bure. Maji huweza kupenya kandokando ya kioo cha mbele, kwenye skrubu za keria, au mlangoni. Na zulia likilowa siku za ukavu, huenda ni maji ya kiyoyozi yaliyokosa njia ya kutoka. Nayo yakiwa yanatelezateleza na yana harufu tamu, huenda ni maji ya rejeta. Maji huonekana mbali na mahali yalipoingilia. Kwa hiyo hatuna budi kuyafuata nyuma mpaka chanzo chake.

Kuzibua mrija kwataka upole. Itafaa nailoni ya mashine ya kufyekea majani, ambayo ncha yake imefanywa butu. Ipitishe kidogo kidogo kutoka juu, uizungushe, uivute, kisha umimine maji ya uvuguvugu. Rudia mpaka yatoke safi. Katika baadhi ya magari ncha ya chini ya mrija ina mpira mdogo wenye mwanya mwembamba, na tope hujikusanya humo. Uminye kwa vidole. Usitumie waya wenye ncha kali, kwani hutoboa mrija. Wala usipulize kwa upepo wenye nguvu wa pampu ya gereji, kwani huweza kuuchomoa mrija katika kiungo chake, na kazi ya dakika chache ikawa ya kutwa nzima. Mpira wa kioo uoshwe kwa maji na sabuni, ukaushwe, upakwe mafuta ya silikoni yaliyotengenezwa kwa mipira. Oili ya injini na petroli huuharibu. Kazi hii ikifanywa mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, itatosha kwa wengi.

Wala mtu asiseme kwamba zulia kulowa ni jambo dogo. Unyevu hupanda ukafunika vioo kwa ndani, na dereva anayeteremka usiku kwenda Mombo, kiasi cha kilomita 33 za kona na makorongo, akose kuona mbele yake akiwa na watoto nyuma. Chini ya zulia hupita nyaya, na chini ya viti mara nyingi hupita zile za mifuko ya hewa ya kuokoa maisha. Chuma cha sakafu hushika kutu, na ukungu mweupe unaoota vitini huwadhuru wenye pumu. Kwa hiyo baada ya kuzibua, zulia liinuliwe na kitambaa kizito kilicho chini yake kikaushwe kabisa. Juu huweza kuwa pakavu na chini pangali pana maji.

Lipo na neno moja kwa wenye kuuza. Gari lililolowa hufukizwa manukato, likafunikwa mazulia mapya, likauzwa kwa mtu asiyejua. Amesimulia Abu Huraira, na Imam Muslim akaipokea katika mkusanyo wake, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye fungu la chakula akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta umaji. Mwenye mali akasema kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, akaeleza kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Chakula kile na gari hili vimepatwa na jambo moja: mvua imeingia, na mwenye mali anajua. Basi muuzaji na aliinue zulia mwenyewe mbele ya mnunuzi, aseme maji yalipita wapi na nini kimetengenezwa. Na mnunuzi naye, kabla ya kutoa fedha, apitishe mkono chini ya zulia, na aombe kikombe cha maji.