Mwajiriwa wa Ofisi si Mtumwa wa Nyumba ya Mkubwa

 

Ndugu Waislamu, kijana mmoja aliye karani katika ofisi moja mjini Iringa alitujia baada ya swala ya Alasiri, akatuuliza iwapo mshahara wake ni halali. Tulistaajabu, kwani haibi wala hali rushwa. Akasema: "Ustadhi, saa nne asubuhi mkubwa wangu hunituma kumnunulia umeme wa nyumbani, kisha sokoni, kisha kumchukua mwanawe shuleni. Siku moja niliporudi nilimkuta bibi kizee aliyetoka kijijini akisubiri mhuri tangu asubuhi. Basi lake la kurudi lilikuwa limekwishaondoka."

Nasi tulipokwenda Mbeya kwa muhadhara, dereva mmoja alitusimulia kwamba kila Jumamosi hutumwa Uyole kupakia viazi vya mkubwa wake, kwa gari la ofisi na mafuta ya ofisi.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni madogo, na kwamba ni heshima tu kwa wakubwa. Sisi tunasema ni dhulma, tena ni khiyana.

Ni dhulma kwa mwajiriwa. Turejee kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul-Qasas. Mzee wa Madyan aliafikiana naye amtumikie miaka minane, na akabainisha kwamba akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake Musa, wala yeye hataki kumtaabisha. Minane ni mkataba, miwili ni ihsani. Musa alikuwa mkimbizi asiye na kwao, na mzee yule angeweza kumwamrisha apendavyo, hakufanya hivyo. Leo mkubwa anaamrisha ile miwili, na kijana hathubutu kukataa kwa kuwa mkubwa huyo ndiye anayeandika taarifa ya utendaji wake. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Je, pana hiari gani hapo?

Tena ni khiyana, hata kama kijana ameridhia, kwani saa zile si zake wala si za mkubwa wake. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, naye akarudi na mali akidai kwamba sehemu yake ni zawadi aliyopewa. Mtume alipanda mimbari akakemea, akihoji kama zawadi hiyo ingemfikia mtu huyo lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Nasi tunauliza: mkubwa huyu angalikaa kwao bila cheo, ni karani gani angalimpelekea vitu vya sokoni?

Sheria za nchi nazo haziko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imeyafanya matumizi mabaya ya madaraka kuwa kosa la jinai.

Basi kijana afanye nini? Asitukane wala asigombe. Mkubwa akiugua, kumletea dawa ni wema. Lakini yakiwa mazoea, aseme kwa adabu: "Mzee, nina watu mezani, nikitoka, nani awahudumie?" Dereva naye aandike kila safari katika kitabu cha gari kama ilivyokuwa. Akiamrishwa aandike uongo, akatae, kwani hapana utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Mkubwa akishikilia, shauri lipelekwe kwa aliye juu yake au kwa chama cha wafanyakazi, likiwa na tarehe zake. Na wale wanaokimbilia kutumwa ili wapate safari za posho, wajue kwamba wanawauza wenzao.

Kabla hatujanyoosha kidole, tujitazame sisi walimu wa madrasa. Mzazi hutuletea mwanawe asome, nasi tunampa jembe akalime shamba la ustadhi na ndoo akateke maji, kisha tunaita baraka. Pengine mkubwa yule alijifunza kwetu! Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi, naye akashuhudia kwamba hakuambiwa hata "uff". Sisi tumeazimia kuwa katika madrasa yetu hakuna mtoto atakayetumwa shambani kwa mwalimu saa za masomo. Wenzetu nao waazimie.

Kijana yule tulimjibu kwamba ujira wa kazi aliyoifanya ni halali yake. Lakini bibi yule ana haki iliyopotea. Tulimwambia amtafute amuombe radhi, na kesho saa nne akae mezani pake.