Kubadili injini si aibu, aibu ni kuificha

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, katika Ijumaa hii tunapenda kuizungumzia biashara moja iliyozoeleka katika pwani yetu ya kusini, nayo ni ununuzi wa magari ya zamani ya kupita tope na kupanda vilima, hasa Land Rover, yaliyoondolewa injini ya asili ya petroli na kupandikizwa injini ya dizeli. Huenda mtu akauliza: ukurasa wa dini na gereji, wapi na wapi? Jibu letu ni kuwa mlango wa mauziano ni miongoni mwa milango mipana ya fiqhi, na mali ya familia inayopotea kwa gari bovu ni mali ile ile ambayo kila mmoja wetu ataulizwa aliichuma wapi na aliitumia katika nini.

Kilwa Kisiwani haina daraja. Wakazi wake huvuka kwa mashua na boti hadi Kilwa Masoko, na huko ndiko gari la mtu wa Kisiwani hulala. Hata hivyo riziki za familia nyingi za kisiwa zimefungamana na bara: samaki wanaopelekwa sokoni, nazi na ufuta kutoka mashambani, abiria wa Njinjo, Kipatimu na Pande. Wazee wanakumbuka jinsi safari ya Dar es Salaam ilivyotegemea pantoni ya Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Na vijana wamejionea wenyewe mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu katika wilaya yetu na magari kukwama pande zote mbili. Kwa hiyo anayetamani gari gumu lenye kuvuta kwa magurudumu manne hatumhesabu kuwa mtu wa anasa. Anatafuta chombo cha kazi.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu Uingereza, ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani, ilikuwa na uhaba wa chuma cha bati. Lakini chesisi yake ni ya chuma. Hapa pana somo kwa watu wa pwani: bodi inaweza kung'aa kwa rangi mpya huku chesisi iliyo chini ikiliwa na chumvi ya bahari kidogo kidogo. Mtu wa Kisiwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Hakuna nahodha anayenunua jahazi kwa kutazama tanga. Atainama aukague mkuku, atagonga mbao, atauliza kalafati ilitiwa lini na mataruma ni ya mti gani. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akivuka Masoko kununua gari, huridhika na rangi na sauti ya honi.

Ama injini, sababu za kuibadili zinaeleweka. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyofungwa katika Land Rover nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hunywa mafuta mengi, na vipuri vyake havipatikani kwa urahisi kama zamani. Injini ya dizeli ya Isuzu, Nissan au Toyota ina mafundi kila mji, hutumia mafuta kidogo zaidi, na huvuta mzigo kwa nguvu hata ikizunguka taratibu. Fundi mwema anayejua kazi yake hulifufua gari lililokwisha kutupwa chini ya mwembe, likalisha watoto wa watu kwa miaka mingi. Sisi hatuoni ubaya wowote katika kazi hiyo. Kuhuisha mali iliyokufa ni jambo jema, na kuiacha ioze ni katika ubadhirifu.

Ubaya unaingia pale mabadiliko yanapofanywa nusu, kisha nusu iliyobaki ikafichwa. Tutaje mambo machache ili msomaji afahamu ukubwa wa jambo. Injini ya petroli hunyonya hewa kupitia kabureta, na mnyonyo huo ndio unaoisaidia busta ya breki kwa magari yenye busta. Injini ya dizeli haina mnyonyo wa namna hiyo. Huhitaji pampu maalumu, ambayo katika injini nyingi za Kijapani hukaa nyuma ya alteneta. Fundi mvivu akiiacha pampu hiyo, gari litawaka na kwenda vizuri, lakini kanyagio la breki litakuwa gumu kama jiwe siku litakapojaa abiria kwenye mteremko. Tena injini ya dizeli ni nzito, hivyo springi za mbele hulemewa. Nguvu yake ya kuvuta huzidi ile ambayo giaboksi na shafti za nyuma zilitengenezewa. Bamba linaloiunganisha injini na giaboksi likikosea hata kidogo, klachi na beringi huliwa kabla ya wakati wake. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonekana kwa kulizunguka gari mara moja likiwa limeoshwa.

Familia moja ya Kisiwani ilitujia na shauri la namna hiyo. Ndugu watatu wa mama mmoja walikuwa wameuza sehemu ya shamba la minazi walilorithi, wakanunua Land Rover ya zamani kwa mkono wa dalali. Waliambiwa ni dizeli, nayo kweli ilikuwa dizeli. Hawakuambiwa kuwa kadi ya gari bado inaandika petroli na namba ya injini iliyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu, wala hawakuambiwa kuwa busta haina pampu. Mwezi wa kwanza askari wa usalama barabarani aliisoma kadi, akafungua boneti, akalizuia gari. Mwezi wa pili breki ziligoma kushika wakishuka na wanawake na watoto waliotoka harusini. Allah aliwanusuru, gari likaishia kwenye kichaka. Walipomwendea muuzaji, alisema maneno ambayo sote tunayajua: nimekuuzieni kama mlivyoliona.

Je, maneno hayo yanamvua muuzaji dhima? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, jibu liko wazi. Kauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji akishurutisha kutowajibika kwa kasoro, sharti hilo humwokoa kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mnyama hula, hunywa na huugua bila ya mtu kufahamu. Vitu vingine havimo katika ruhusa hiyo. Gari si mnyama, na aliyeamuru injini ifungwe hawezi kudai kuwa hakujua kilichofungwa na kilichoachwa.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji chini yake. Mwenye mali alisingizia mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Vile vile alikataza kumfunga mnyama chuchu ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ni mwenye maziwa mengi, na akampa mnunuzi wa mnyama huyo hiari ya siku tatu. Tazama, ndugu msomaji, jinsi mfano huo unavyofanana na wa leo. Anayeipasha injini moto alfajiri kabla ya mnunuzi kufika, ili isionekane ugumu wake wa kuwaka, na anayetia oili nzito ili moshi upungue kwa siku mbili, amefunga chuchu za mnyama.

Lakini sheria ina upande wa pili ambao wanunuzi wengi hawaujui. Mwenye kugundua kasoro ya kale anayo haki ya kurudisha, kwa sharti aidai mara tu anapoijua, bila ya kuchelewa pasipo udhuru. Akiendelea kukitumia kitu kwa hiari yake baada ya kujua, amekiridhia, na haki yake huanguka. Ndugu wale walikwisha kuijua habari ya kadi tangu mwezi wa kwanza, wakaendelea kubeba abiria kwa kuwa fedha zilihitajika, kwa hiyo kwa habari ya kadi hawakuwa na la kudai. Kasoro ya breki waliijua siku ya ajali, na siku ile ile gari lilikwisha kupata kasoro mpya mikononi mwao kwa kupondeka. Hapo mambo yakawa mazito, na njia iliyobaki ilikuwa suluhu. Mbele ya wazee, muuzaji alikubali kulipia pampu na gharama za kuirekebisha kadi, nao wakabeba matengenezo ya bodi. Shamba la minazi halikurudi.

Kutokana na hayo tunawausia wanunuzi mambo manne. Kwanza, mchukue fundi wako mwenyewe, na umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na dalali anamtumikia dalali. Pili, liendee gari asubuhi injini ikiwa baridi, uishike kwa mkono uhakikishe, ndipo iwashwe. Moshi wa buluu usioisha ni oili inayoungua, mweupe usioisha ni maji au dizeli isiyoungua, mweusi mzito ni nozeli au hewa. Kisha ingia chini utazame chesisi, na kanyaga breki injini ikiwa inazunguka. Tatu, soma kadi kabla ya kuhesabu fedha: namba ya chesisi na namba ya injini zilingane na zilizo kwenye chuma, na kama injini ilibadilishwa, mabadiliko hayo yawe yamefikishwa TRA. Nne, andikeni. Mwenyezi Mungu ameamrisha kuandikiana na kuwekeana mashahidi katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, nasi tunaona haya kumwandikisha ndugu karatasi moja yenye aina ya injini, aliyeifunga, na kasoro zinazojulikana.

Kwa wauzaji na madalali tunasema: kasoro iliyotajwa hupunguza bei, na kasoro iliyofichwa huondoa baraka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Dalali anayemwambia mnunuzi kuwa kuna tajiri mwingine anakuja alasiri, ilhali hakuna, ameingia katika najshi iliyoharamishwa. Na fundi aliyeagizwa kufunga injini bila ya breki kamili, akakubali na kunyamaza, asidhani dhambi inaishia kwa aliyemlipa.

Watu wa Kilwa wana sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331 aliukuta mji wa biashara, dhahabu ya Sofala ikipitia humu, na masultani wake wakipiga sarafu za shaba zenye majina yao. Sarafu hizo bado zinaokotwa katika udongo wa kisiwa. Shaba yenyewe ilikuwa na thamani ndogo. Mfanyabiashara aliipokea kwa kuwa aliyaamini maandishi yaliyo juu yake. Kadi ya gari nayo ni maandishi ya kuaminiwa. Inapoandika petroli na boneti ikajibu dizeli, kilichoharibika ni kikubwa kuliko gari.

Tunamuomba Allah atujaalie riziki za halali, azilinde safari za watoto wetu, na atupe ulimi wa kubainisha tunapouza na jicho la kutazama tunaponunua. Amin.

Wabillahi tawfiq.